Punda aliyegomea mteremko: uchambuzi wa kisa kimoja Nachingwea

Msimu wa korosho ukifunguka Nachingwea, mkoani Lindi, mkokoteni wa punda haupumziki. Magunia yanatoka mashambani kwenda ghala la chama cha msingi cha ushirika, na siku ambazo hakuna korosho kuna madumu ya maji, mbaazi, mahindi na tofali. Kisa hiki kinamhusu punda jike mmoja wa kazi hiyo, aliyeanza kugoma msimu ukiwa umeshika kasi. Mwenye punda alikuwa na malalamiko matatu: anang'ata akivishwa mkanda, anasimama ghafla njiani na hasogei, na akilazimishwa anarusha mateke hadi ubao wa mbele wa mkokoteni umepasuka. Kijana anayemwendesha alikuwa ameshapigwa teke la paja. Mpango uliokuwepo ulikuwa kumuuza.

Majirani walikuwa wameshatoa hukumu: asante ya punda ni mateke. Methali hii imewaumiza punda kuliko fimbo, kwa sababu ukishaiamini huna haja tena ya kuinama ukaangalia chini ya mkanda.

Mazungumzo ya kwanza kati ya afisa mifugo na mwenye punda yalikuwa mafupi, lakini nusu ya jibu ilikuwa humo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye huyo hapo. Kula anakula, kazi hataki."

"Alianza lini kugoma?"

"Mwezi wa kumi, korosho zilipoanza kushuka. Kabla ya hapo alikuwa anavuta maji tu, na hakuwa na neno."

"Maji madumu mangapi, mzee?"

"Manane."

Madumu manane ya lita 20 ni kilo 160. Gunia la korosho lina kilo 80 hivi, na mkokoteni ulikuwa unapakiwa magunia matano. Mzigo uliruka kutoka kilo 160 hadi 400 kwa wiki moja, tena kijana akakaa juu yake. Njia nayo ilibadilika. Kwenye maji ni tambarare tupu, ila kwenda ghalani kuna mteremko unaoishia kwenye karavati.

Kabla ya kugusa tabia, mwili ulikaguliwa. Huu ndio utaratibu, na haufai kugeuzwa, kwani ukimfundisha mnyama anayeumwa utakuwa unamzoesha kuvumilia maumivu, na siku uvumilivu ukiisha atakuumiza wewe. Joto lilikuwa nyuzi 37.3, mapigo ya moyo 46 kwa dakika, pumzi 22. Kwa punda mzima aliyetulia joto hukaa kati ya 36.5 na 37.8, chini kidogo kuliko la farasi. Ukitumia kipimo cha farasi utamwona punda mwenye 38.3 ni mzima, kumbe ana homa. Damu ilipimwa kwa ajili ya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, maana huku wadudu hao wapo na ndiyo sababu mojawapo ya farasi kutoshika mizizi ukanda huu. Punda huvumilia nagana kuliko farasi, lakini humwisha nguvu polepole, na mnyama asiye na damu ya kutosha naye husimama njiani. Vipimo vilitoka safi. Meno ya mbele ya pembeni yalikuwa yameota yote na kukutana, kwa hiyo alikuwa na zaidi ya miaka mitano, ingawa aliuzwa kama punda wa miaka mitatu. Uzito ulikadiriwa kilo 140.

Suala la joto la uzazi nalo liliangaliwa. Jike huingia joto kila baada ya wiki tatu na siku kadhaa, na siku hizo anaweza kuwa mgumu kushikika. Huyu aligoma kila siku ya ghala na hakugoma hata siku moja ya maji. Joto halichagui siku za ghala.

Ngozi ndiyo iliyotoa maelezo. Juu ya shingo palikuwa na kovu la zamani, manyoya yakiwa yameota meupe, upana wa kiganja. Hilo ni kovu la nira ya ng'ombe. Alinunuliwa kwa wafugaji waliohamia Lindi na mifugo yao, na huko alikuwa akifungwa nira pamoja na mwenzake. Ng'ombe ana nundu ya kusukumia nira, punda hana. Punda husukuma kwa kifua na mabega, hivyo nira humkalia kwenye mfupa wa shingo na kumchubua. Kwa mmiliki mpya nira haikutumika, lakini mkanda wa kifua ulikuwa kamba ya katani iliyozungushiwa mpira wa ndani wa tairi, nao ulikaa chini mno, sawasawa na ncha ya bega. Kila hatua bega lilipokwenda mbele liligonga kamba. Kidonda kilikuwa kibichi pande zote mbili, upana wa vidole vitatu. Pembe za mdomo zilikuwa zimechanika, kwa sababu lijamu ilikuwa waya.

Lililofungua kisa lilikuwa miguu ya nyuma. Juu kidogo ya viungo vya goti la nyuma, miguu yote miwili, manyoya yalikuwa yamekwanguka na ngozi imekuwa ngumu. Kijiti kilikatwa kwa urefu wa kutoka ardhini hadi kwenye alama hiyo, kikapelekwa kwenye mkokoteni uliofungwa tayari kwa safari. Ncha ya kijiti iliangukia ukingoni mwa ubao wa mbele, ule ule uliopasuka. Mkokoteni haukuwa na mkanda wa nyuma. Mteremkoni hakukuwa na kitu cha kuuzuia isipokuwa miguu ya punda mwenyewe.

Mtaani palikuwa na maelezo mengine kuhusu mahali aliposimama. Watu walisema karavatini pana kitu, na kwamba punda huona tusichokiona. Ni kweli kwamba punda huona na kusikia mengi yanayotupita, na karavati lililopakwa chokaa nyeupe, na maji yanayong'aa chini yake, ni mahali pa kumshtua punda yeyote. Kwa hiyo dhana ya woga wa mahali ilistahili kupimwa, isipuuzwe. Ilipimwa kwa safari tatu za njia ile ile, siku tofauti, asubuhi kabla ya jua kali.

Safari ya kwanza aliongozwa kwa kamba tu, bila mkokoteni. Alipita karavatini, akanusa chokaa, akaendelea. Safari ya pili alivuta mkokoteni mtupu, mkanda wa kifua ukiwa umetandikwa blanketi lililokunjwa. Mteremkoni alipunguza mwendo, masikio yakageukia nyuma, mkia ukabana, lakini alishuka. Safari ya tatu walipakia magunia mawili bila kubadilisha kitu kingine. Alisimama. Hakusimama karavatini, bali hatua kama arobaini kabla yake, pale ardhi inapoanza kuinama. Kama woga ungekuwa wa karavati, safari ya kwanza ingeonyesha. Alichokuwa anakigomea ni kushuka akiwa na uzito nyuma.

Hesabu inamuunga mkono. Mkokoteni ule wa mbao wenye ekseli ya gari ulikadiriwa kilo 130. Ongeza magunia matano na kijana wa kilo 60, jumla kilo 590. Kwenye barabara ya kifusi iliyoshindiliwa, tairi zikiwa na upepo wa kutosha na beringi zikiwa na grisi, nguvu ya kuvuta ni karibu sehemu 3 kwa 100 za uzito wote, yaani kama kilo 18. Punda wa kilo 140 anaweza kuvuta mfululizo kati ya sehemu moja ya kumi na sehemu moja ya sita ya uzito wake, kilo 14 hadi 23. Kwa hiyo tambarare anaweza, kwa shida. Kwenye mchanga mlegevu mahitaji hupanda hadi sehemu 15 kwa 100 au zaidi: karibu kilo 90. Hilo haliwezekani kwa fimbo wala kwa dua. Mteremko wa karavati unashuka mita 1 kwa kila mita 12. Hapo mkokoteni unataka kwenda wenyewe kwa nguvu ya kilo 49, ukiondoa 18 zinazoliwa na msuguano zinabaki zaidi ya kilo 30 zinazomsukuma punda kwa nyuma, kwenye viungo vya miguu, kwa ubao.

Punda aliyepigwa hivyo ana njia tatu: kukimbia, kupiga, au kutokwenda kabisa. Farasi angekimbia. Punda si hivyo, na hapa ndipo watu wengi humwelewa vibaya. Mababu zake ni punda mwitu wa nchi kame za pembe ya Afrika, wanaoishi wachache wachache penye majani haba. Mnyama wa mazingira hayo hapati faida kukurupuka kila anaposhtuka. Husimama, hutazama, hupima, na akibanwa hupigana. Anachokiita mtu ukaidi mara nyingi ni hofu iliyosimama wima. Ishara zake ni ndogo: masikio kugeukia nyuma, taya kukaza, jicho kutotulia. Hata maumivu huyaficha, hivyo punda "anayekula vizuri" anaweza kuwa na kidonda cha mwezi mzima.

Kisha fimbo iliingia. Kijana alipiga aliposimama, jambo lililotarajiwa, lakini aliendelea kupiga hata punda alipojongea, ili "asilale". Kwa mnyama, kinachofundisha ni ule wakati usumbufu unapokoma. Ukikoma pale anapoinua mguu, atajua kuinua mguu ndilo jibu. Usipokoma kamwe, hakuna jibu, kuna mateso tu. Tena, baada ya nusu saa ya vurugu, magunia mawili yalikuwa yakishushwa ili safari iendelee. Hapo punda akajifunza somo moja lililo wazi kuliko yote: simama muda wa kutosha, mzigo utapungua. Wengine wangesema ameharibika. Ukweli ni kwamba alikuwa amefikia uzito unaomstahili kwa njia pekee aliyopewa.

Kulikuwa na jambo jingine. Alitenganishwa na mwenzake wa nira. Punda hufunga urafiki wa wawili wawili, na kutengana humfanya alie, atembee kando ya uzio, wakati mwingine aache kula. Siku mbili za kutokula kwa punda ni dharura, kwa sababu mafuta ya mwili huyeyuka na kujaa kwenye damu hadi ini kushindwa. Huyu alikuwa akila, ila kila alipopita njia ya kijiji alikotoka alisimama na kulia. Jirani ana punda dume aliyehasiwa, wakakubaliana walale boma moja. Hilo halikuhitaji fedha, na lilituliza zaidi ya vile wenye punda walivyotarajia.

Matengenezo yalianza na siku kumi bila kazi yoyote. Kwa mzee, katikati ya msimu, hilo lilikuwa pigo, na alilisema wazi. Akakodi trekta dogo kwa safari mbili. Tunalitaja kwa sababu ushauri usiohesabu gharama ya mapumziko haufuatwi.

Vidonda vilioshwa mara mbili kwa siku kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Oili chafu ya gari, ambayo wengi hupaka kufukuza nzi, ilikatazwa, maana huunguza nyama changa. Sindano ya kinga ya pepopunda ilitolewa. Jina lenyewe la ugonjwa linatosha kumkumbusha mtu. Na hapa kuna onyo linalostahili nafasi yake. Mzee alikuwa na chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi, akataka kumwogesha punda dhidi ya kupe. Dawa hiyo haifai kwa punda wala farasi: hulegeza utumbo, kinyesi kikakwama, mnyama akafa kwa maumivu ya tumbo. Hata sindano za nagana za ng'ombe zisichomwe punda kwa kukadiria.

Kwato za mbele zilikuwa ndefu kwenye ncha. Zilipunguzwa kwa awamu mbili, wiki tatu kati yake, kwa sababu kukata nyingi kwa mara moja huvuta mishipa ya mguu. Baada ya hapo ni kila wiki sita hadi kumi.

Vifaa vilibadilishwa vyote. Mkanda wa kifua ulishonwa kwa mkanda wa kiti cha gari, mikanda miwili sambamba ili upana ufike sentimita 10, ndani ukatandikwa kitambaa cha pamba mara nne. Mahali pake ni juu ya ncha ya bega na chini ya koromeo. Kiganja kilicholala kipite kati ya mkanda na ngozi bila kulazimisha. Mkanda mwembamba wa kupita mgongoni, penye pedi mbili zilizoacha uti wa mgongo wazi katikati, ulishikilia mikono ya mkokoteni. Mkanda wa nyuma ulizungushwa matakoni, kama kiganja na nusu chini ya mzizi wa mkia, ukafungwa kwenye mikono ya mkokoteni. Ukiwa juu sana utanyanyuka hadi chini ya mkia. Ukiwa chini sana utamfagia miguu. Urefu ulirekebishwa ili mkokoteni ukisukuma, mkanda ukaze wakati ubao bado uko mbali na miguu kwa sentimita 40. Waya ya mdomoni ilitupwa, akawekewa hatamu ya kamba ya pamba yenye pete mbili pembeni za kufungia vigwe.

Mizani ya mzigo nayo ilisahihishwa. Mkokoteni ukiwa umepakiwa, shika ncha za mikono yake na uinue. Uzito uwe kilo 5 hadi 10, kitu ambacho mtu mzima anainua kwa mkono mmoja. Ukizidi, unamlalia mgongo. Ukiwa mwepesi hadi mikono inapanda yenyewe, mkanda wa tumboni unamkaba. Kusogeza gunia moja shibiri moja mbele au nyuma kunabadilisha haya yote.

Mafunzo yalianza siku ya kumi na moja, dakika kumi asubuhi na kumi jioni. Kijana yule yule ndiye aliyefundisha, si mtu mwingine, kwa kuwa ugomvi ulikuwa kati yao. Mkanda ulisogezwa begani hadi pale masikio yalipoanza kugeuka, ukasimama hapo, na yalipolegea ukaondolewa. Hakuna kumbana. Anapokubali, anakunwa chini ya shingo. Siku ya kwanza mkanda haukugusa ngozi kabisa. Siku ya nne alivishwa bila kung'ata. Kilichofuata ni kutembea na mikanda bila mzigo, halafu kuburuta tairi la pikipiki ili azoee sauti ya kitu kinachomfuata, halafu mkokoteni mtupu kwenye tambarare, halafu madumu mawili. Mteremko ulifikiwa wiki ya nne, kwa mkokoteni mtupu, dume la jirani likitangulia. Mkanda wa nyuma ulipokaza kwa mara ya kwanza alisimama, akageuza kichwa kuangalia. Kijana alilegeza vigwe, akangoja. Baada ya dakika tatu hivi alishuka.

Wiki ya tano mambo yaliharibika. Mnada wa korosho ulikuwa karibu, kijana akapakia magunia manne. Punda alikataa kuingia mteremkoni, akapiga teke moja. Kijana, kwa bahati, hakuchukua fimbo. Alipeleka magunia mawili, akarudi kuchukua mawili. Kosa hilo lilisaidia kuweka kipimo ambacho mzee mwenyewe alikikubali: magunia mawili, na mwendeshaji atembee kando yake asipande. Jumla inakuwa kilo 290. Tambarare anavuta kama kilo 9, na mteremkoni mkanda wa nyuma unapokea kama kilo 15, mzigo ambao matako yake yanauzuia bila shida. Kurudi kutoka ghalani mkokoteni ni mtupu, hivyo kupanda si tatizo. Penye mchanga karibu na shamba, kama hatua sitini, watu wawili husukuma. Mzee alipiga hesabu ya safari za ziada, akaona bado ni nafuu kuliko kununua punda mwingine, na bei ya punda siku hizi si ya jana. Biashara ya ngozi imewapunguza sana barani, hadi viongozi wa Umoja wa Afrika mwezi Februari 2024 wakakubaliana kusimamisha uchinjaji wao kwa ajili hiyo. Tanzania pia ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomkinga mnyama wa kazi dhidi ya kupigwa na kubebeshwa kupita kiasi.

Maji nayo yalirekebishwa. Alikuwa akinyweshwa jioni tu, kwa hofu kwamba tumbo lililojaa litamlemea. Punda wa kazi kwenye joto la Lindi anaweza kuhitaji lita 20 na zaidi kwa siku. Sasa hunywa kabla ya safari, ghalani, na akirudi.

Baada ya wiki kumi hali ilikuwa hivi. Anavishwa mikanda bila kuvutana. Hapigi mateke. Anashuka mteremko na magunia mawili akiwa taratibu, akisimama mara moja juu, kila siku, kwa muda wa kama pumzi tano, na kijana ameacha kumharakisha hapo. Bado hapendi kuguswa juu ya shingo, upande wa kovu, na huenda asipende maisha yake yote. Kwa hiyo hatamu yake imewekewa kifungo cha pembeni, chini ya shavu la kushoto, ili mkono wa mtu usilazimike kupita pale.